Mkono Ulioshika Kiboko: Mamlaka na Ukatili katika Tamthiliya ya Kiswahili

Katika tamthiliya nyingi za Kiswahili zilizoandikwa tangu Uhuru, mtawala dhalimu huonekana mara chache sana akimpiga mtu kwa mkono wake mwenyewe. Kiboko hushikwa na mnyapara, orodha ya majina hubebwa na karani, kisu hupewa ndugu wa tumbo moja, na mali ya mjane husombwa na mashemeji wanaosema kwamba wanatimiza tu mila waliyoikuta. Watunzi wa Afrika Mashariki, kuanzia Ebrahim Hussein hadi Pauline Kea, wanatofautiana kwa mengi, lakini katika jambo hili wanakaribiana: ukatili hauwezi kushuka kutoka juu hadi chini bila kupitia mikononi mwa watu wa kati, na mikono hiyo inastahili kuchunguzwa kuliko hata kiti cha enzi chenyewe.

Mtazamo huo una uzito wa pekee kwa msomaji wa kata ya Misima, wilayani Handeni, na kwa jirani zake wa Korogwe. Wazigua, tofauti na Wasambaa wa milimani waliotawaliwa na ukoo wa Wakilindi, hawakuwahi kuwa na ufalme mmoja uliowaunganisha wote, na hata baada ya wageni kuingia, mamlaka hayakuwafikia kwa sura ya mfalme. Yaliwafikia kwa sura ya akida, mnyapara wa shamba la mkonge, mtendaji wa kijiji, mgambo na mpimaji wa viwanja, yaani watu wanaojulikana kwa majina na kwa koo zao, ambao jioni huweza kukutwa kwenye kijiwe kimoja na wale waliowaamrisha asubuhi.

Mamlaka, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wa mtu au taasisi kuwafanya wengine watende jambo, ama kwa kuwaaminisha kwamba kutii ni wajibu wao, ama kwa kuwatia hofu. Ukatili ni matumizi ya nguvu yanayoudhuru mwili, utu au riziki ya mtu. Mwanasosholojia Max Weber, katika mhadhara wake wa mwaka 1919, alieleza kwamba dola ni chombo kinachodai kuwa ndicho pekee chenye haki ya kutumia nguvu katika eneo lake. Johan Galtung wa Norwei, katika andiko la mwaka 1969, alipanua maana ya ukatili hadi kuingiza ukatili wa kimfumo, yaani madhara yanayotokana na mpangilio wa jamii hata pale ambapo hakuna mtu mmoja anayeonekana kuinua mkono. Naye Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ukatili, alidai kwamba mamlaka na mabavu ni vitu vinavyopingana, kwa kuwa mtawala hukimbilia mabavu pale anapoanza kupoteza ridhaa ya watu. Hoja hizo tatu zinasaidia kusoma tamthiliya zetu, ingawa watunzi wenyewe walizifikia kwa njia yao, kwa kutazama shamba, baraza na msiba.

Pamba, mkonge na mnyapara

Mfano wa kwanza ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Tamthiliya hiyo inamhusu Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyehubiri dawa ya maji kabla ya Vita vya Majimaji na aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905. Chanzo kimojawapo cha vita hiyo kilikuwa mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo serikali ya Gavana von Götzen iliyaanzisha kuanzia mwaka 1902, ambako wanakijiji walilazimishwa kulima chini ya usimamizi wa majumbe na maakida kwa malipo yasiyotosha chochote, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Adhabu ya viboko 25, ambayo watu wa pwani waliiita hamsa ishirini, ilikuwa sehemu ya utawala wa kila siku.

Hussein haanzi na vita. Anaanza na wanawake wanaozungumza juu ya njaa wakati waume zao wako kwenye shamba la pamba, kisha anawaonyesha wanaume wakilima chini ya tishio la kiboko, na msichana Chausiku akichukuliwa na watu wa utawala mbele ya wazazi wasioweza kuwazuia. Kwa hiyo mtazamaji anapofika kwenye sehemu ya maji na ahadi ya ushindi, amekwisha kuona kwamba ukoloni, kwa mtu wa Rufiji, ulikuwa na uso wa mtu mweusi aliyevaa sare au kushika fimbo kabla ya kuwa na uso wa Mjerumani. Katika maonyesho, kiboko hakihitaji kugusa ngozi. Mwongozaji anaweza kukipiga chini, ngoma ikaitikia, na mgongo wa mwigizaji ukajikunja. Lakini kinachouma zaidi ni safu ya wakulima wengine wanaoendelea kupiga jembe bila kuinua macho, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba atakayesimama ndiye atakayefuata.

Ukubwa wa tamthiliya hiyo unatokana na kukataa kwake kuishia hapo. Dawa ya maji inazaa mamlaka mapya, na mamlaka hayo nayo yanadai miili ya watu. Kinjeketile anataka wapiganaji wasubiri na wajiandae, na Kitunda, kiongozi wao wa vita, ana wasiwasi na nguvu ya bunduki, ila imani iliyokwisha kutolewa haiwezi kurudishwa, na nabii anajikuta akiongozwa na neno alilolitamka mwenyewe. Anapokuwa gerezani na kutakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa anajua idadi ya waliokufa, kwa kuwa kukiri kungewapokonya watoto wa baadaye sababu ya kupigana. Makadirio ya waliopoteza maisha katika vita hiyo, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na uchomaji wa mashamba na ghala, huanzia 75,000 ya takwimu za Wajerumani hadi 250,000 au zaidi ya wanahistoria wa baadaye. Hussein aliuacha uamuzi huo wa Kinjeketile bila kuuhukumu, na ndiyo maana mjadala wake haujachuja.

Kaskazini mashariki ya nchi haikuingia katika Majimaji, ingawa ilikuwa imeonja moto mapema zaidi, kwani Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyeheshimiwa miongoni mwa Wazigua, alipambana na Wajerumani hadi mwaka 1890 katika vita iliyomfikisha Abushiri bin Salim kwenye kitanzi mjini Pangani Desemba 1889. Baada ya hapo kiboko kilihamia kwenye mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, likaenea kandokando ya reli ya Tanga hadi Korogwe na Mombo, na kuwakusanya manamba, yaani vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali. Kila mmoja wao alibeba kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mnyapara ndiye aliyeamua kama siku imehesabiwa au imepotea. Aliyeshindwa kukata na kufunga idadi ya mafungu aliyopangiwa hakupigwa kila mara. Mara nyingi alinyimwa tu alama kwenye kadi, na mwezi wake ukarefuka. Huo ni ukatili usioacha kovu, na unaelekea moja kwa moja kwenye aina ya pili ya mamlaka ambayo tamthiliya yetu imeishughulikia kwa makini.

Nguvu ya karatasi

Edwin Semzaba, mtunzi na mwigizaji aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufariki mwaka 2016, aliandika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari wameisoma kama kichekesho juu ya kijana aliyezembea kazi. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu kijijini. Anafikia kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, anampenda binti wa mwenyeji wake, Mazoea, na kupanga kutoroka naye. Mzee anapogundua, hasira zake zinaishia kwenye karatasi za hesabu, ambazo anazitia moto.

Ikisomwa kwa jicho la mada hii, kazi hiyo inaonyesha kitu kizito zaidi ya uzembe. Sensa ni tendo la mamlaka: dola isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kuwatoza kodi, kuwajengea shule wala kuwahamisha. Karani wa sensa hana bunduki, lakini anaingia nyumba kwa nyumba akiuliza idadi ya wake, watoto na waliokufa, na wanakijiji wanaomjibu hawaoni kile kitakachofanywa na majibu yao. Semzaba anawapa wanakijiji hao mashaka yenye mantiki, kisha anampa karani udhaifu wa kibinadamu, na matokeo yake ni kwamba mamlaka ya serikali na mamlaka ya baba yanakutana katika nyumba moja, kila moja likidai kuwa na neno la mwisho. Mzee Mitomingi anaunguza karatasi kwa sababu hawezi kuifikia serikali iliyozituma, wala hana namna nyingine ya kumwadhibu mgeni aliyevunja heshima ya nyumba yake. Mazoea mwenyewe, ambaye maisha yake ndiyo yanayogombewa, hana karatasi ya kuchoma.

Wakazi wa Handeni wanaijua nguvu ya karatasi. Wilaya yao ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuguswa na operesheni za kuwakusanya watu katika vijiji, kabla ya agizo la Novemba 1973 lililotaka wakulima wote wa Tanganyika wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Operesheni hizo zilitekelezwa na watu wa kati, yaani makatibu kata, viongozi wa chama, mgambo na madereva wa malori, na tofauti kati ya kijiji kilichohama kwa amani na kijiji ambacho paa zake zilibomolewa mara nyingi ilitegemea tabia ya mtu aliyeshika orodha siku hiyo.

Mila kama amri isiyo na sahihi

Aina ya tatu ya mamlaka haina sare wala karatasi. Penina Muhando, anayejulikana pia kama Penina Mlama, aliandika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na kushindwa kila mara, kwa sababu kila mmoja wao amefungwa na jambo lake nyumbani. Yumo mke ambaye fedha zake huishia kwenye ulevi wa mume, na yumo mjane ambaye ndugu wa marehemu wanaingia nyumbani kwake na kuchukua kila kitu. Katika sehemu hiyo hakuna anayempiga mjane. Kinachoonyeshwa ni vitu vinavyobebwa kimoja kimoja kutoka ndani, na mashemeji wanaozungumza kwa sauti ya watu wanaofanya kazi ya kawaida, jambo linaloitia picha hiyo ubaridi mkubwa kuliko ugomvi.

Ebrahim Hussein aliirudia mada hiyo katika Kwenye Ukingo wa Thim ya mwaka 1988, iliyotokana na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno wa Kenya, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa mume ukataka azikwe kwao Nyanza, na baada ya mvutano wa miezi mitano mahakama ziliupa ukoo ushindi. Katika tamthiliya, mjane Martha anakuta kwamba mahakama ya kisasa na baraza la ukoo, ambavyo alidhani ni pande mbili zinazoshindana, vinaweza kusaidiana dhidi yake. Galtung angeuita ukatili huo wa kimfumo. Watunzi wetu, hata hivyo, wanakwenda hatua moja mbele, kwa sababu wanaonyesha kwamba mfumo hauendeshwi na hewa: kuna shangazi anayefungua kabati, kuna kaka anayesaini, na kuna jirani anayejua ukweli na kuinamisha kichwa.

Giningi, Butangi na Sagamoyo

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mfumo wa chama kimoja ulipoanza kutikisika katika eneo zima, watunzi waligeukia nchi za kubuni ili kuzungumzia udikteta bila kutaja majina ya viongozi waliokuwa hai. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, katika Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, alichukua Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya visiwani, akayafanya kuwa dola inayotawaliwa na Bi Kirembwe. Raia wa Giningi hulishwa unga unaowafanya waone kama wanavyotakiwa kuona, na Mtolewa, kijana anayekataa kupoteza fahamu zake, anakuwa tishio kwa sababu tu anaendelea kuviita vitu kwa majina yake. Ukatili mkuu katika dola hiyo ni ule wa kuwafanya watu wakariri uongo kwa furaha, na mateso ya mwili huja baadaye, kwa wale wachache ambao unga haukuwakolea.

Mkenya Kithaka wa Mberia, katika Kifo Kisimani ya mwaka 2001, alimweka Mtemi Bokono juu ya nchi ya Butangi na kumfunga Mwelusi, kijana anayewaamsha wenzake. Mtemi angeweza kumuua kwa amri. Badala yake, watu wake wanamtafuta Gege, ndugu wa Mwelusi, na kumwahidi kuozwa binti wa mtemi, naye Gege ndiye anayemmalizia kaka yake kisimani. Uchaguzi wa kisima unaeleza mengi, kwa kuwa maji ni uhai wa kijiji, na nchi ambayo ndugu huuana mahali pa kuteka maji haijabakiza mahali salama.

Pauline Kea, katika Kigogo, iliyosomwa katika shule za sekondari za Kenya, aliusogeza utawala huo mjini, kwenye jimbo la Sagamoyo chini ya Majoka. Soko la Chapakazi linafungwa, wachuuzi wanakosa riziki, mchongaji Sudi na mwanaharakati Tunu wanaandamwa, na nyuma ya kila hatua yuko mshauri Kenga anayeigeuza hasira ya bosi wake kuwa mpango wa utekelezaji. Kilele cha kazi hiyo kinaiunga mkono hoja ya Arendt kwa njia ya jukwaani kabisa: Majoka anapoamuru umati upigwe risasi, mkuu wa polisi, Kingi, anakataa, na papo hapo mtu aliyekuwa akitetemesha jimbo zima anabaki na sauti yake tu. Utawala wake haukuvunjwa na silaha kubwa zaidi. Ulivunjika pale mkono wa kati ulipoacha kutii.

Jukwaa nalo huchapwa

Tamthiliya inayochunguza mamlaka nayo huchunguzwa na mamlaka. Historia ya Tanzania ina kisa cha nadra cha mkuu wa nchi aliyejitwika kazi ya mtunzi: Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ya Shakespeare mwaka 1963, hadithi ya kuuawa kwa mtawala mbele ya baraza lake, na mnamo Januari 1964 jeshi lake mwenyewe likaasi. Alirudi na kuisahihisha tafsiri hiyo, ikatoka upya mwaka 1969.

Kwingineko mambo yalikuwa machungu. Nchini Uganda, Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, muda mfupi baada ya kundi lake kuiwakilisha nchi kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos. Nchini Kenya, mwaka huohuo, wakulima na vibarua wa Kamiriithu waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho mwezi Novemba, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini bila mashtaka kwa takribani mwaka mzima, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walikuwa wameujenga wenyewe ukabomolewa na polisi. Kilichoiogopesha serikali ya Kenya hakikuwa maneno ya mchezo peke yake, kwani Ngũgĩ alikuwa ameandika maneno makali kwa Kiingereza bila kuguswa. Kilichoiogopesha ni kwamba watu waliokuwa wakipokea amri mashambani waliinuka na kuigiza, kwa lugha yao, jinsi amri hizo zinavyotolewa.

Tanzania ilichagua njia ya kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 iliweka maonyesho ya jukwaani chini ya bodi ya taifa pamoja na bodi za mikoa na wilaya, na matokeo yake ni kwamba uamuzi kuhusu mchezo unaokosoa utendaji wa wilaya unaweza kuwa mezani kwa ofisa wa wilaya hiyohiyo. Hapa pia mkono wa kati hufanya kazi zaidi ya sheria yenyewe, kwa maana kikundi kisichotaka usumbufu hujikagua mapema, kikamwondoa mtendaji mla rushwa na kumweka mlevi asiye na cheo.

Misima, Msomera na mchezo unaongojewa

Tabia hiyo ya kujikagua imeathiri hata sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani ule utaratibu ambao wasanii huishi na wanakijiji, hutafiti tatizo pamoja nao, hulitungia mchezo na kulijadili mara baada ya onyesho. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliujaribu huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako vijana walilizungumzia suala la mimba za wasichana mbele ya wazazi wao; na mwaka 1996 ulizaliwa mradi wa Tuseme, uliowawezesha wasichana wa sekondari kuigiza unyanyasaji wa kijinsia unaowapata shuleni. Nguvu ya kazi hizo ilitokana na wahusika wenyewe kusema. Udhaifu ulikuja baadaye, pale michezo ya miradi ilipoongezeka na kuanza kufanana: mume mlevi anampiga mke, mtaalamu anafika na ujumbe, mume anatubu, ngoma inapigwa. Katika mchezo wa namna hiyo ukatili unakuwa tabia mbaya ya mtu mmoja, na hakuna anayeuliza nani ananufaika na unyamavu wa nyumba hiyo.

Kata ya Misima ina kisa kinachohitaji mchezo wa aina tofauti. Msomera, kijiji cha kata hiyo, ndicho kilichopokea kuanzia Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro, ambazo serikali iliziahidi nyumba za vyumba vitatu na mashamba ya ekari 5. Serikali imesisitiza kwamba uhamaji huo ni wa hiari na kwamba unalinda hifadhi huku ukiwapa watu huduma bora. Watetezi wa haki za binadamu, miongoni mwao Human Rights Watch katika ripoti yake ya Julai 2024, wamedai kwamba huduma zilizopunguzwa Ngorongoro ziliigeuza hiari kuwa shinikizo. Na baadhi ya wakazi wa zamani wa Msomera wamelalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia iligawiwa wageni. Suala hilo halina mtu mmoja aliyeshika kiboko. Lina ramani, vigingi vya mipaka, namba za nyumba, vikao vya kijiji na mihtasari yake, pamoja na watu wengi wanaotimiza wajibu wao.

Mtunzi anayelikabili jambo hilo kwa uaminifu hatafaidika kwa kuivisha serikali pembe za shetani wala kwa kuimba sifa za mradi. Tamthiliya zilizotajwa zinampa njia. Kutoka kwa Semzaba anaweza kujifunza kumweka mpimaji wa ardhi katikati ya jukwaa, akiwa na utepe wake na maagizo asiyoyaandika mwenyewe, amefikia katika nyumba ambayo kesho ataikata uwanja. Kutoka kwa Muhando anaweza kumpa nafasi mwanamke wa Kimasai ambaye heshima yake ilitokana na ng'ombe anaowakamua, na mwanamke wa Kizigua ambaye shamba la mahindi alilirithi kwa kulilima bila hati, kisha akawaacha wazungumze juu ya maji ya bomba moja. Kutoka kwa Hussein atajifunza kutowapa watazamaji jibu la bure, hasa katika wilaya ambayo migogoro ya wakulima na wafugaji ilikuwapo kabla ya malori ya kwanza kufika.

Mahali pa mchezo huo pia panajulikana, napo ni uwanja wa shule au wa mkutano wa kijiji, ambako watazamaji huketi wakiwatazama majirani zao upande wa pili wa duara. Na shule yenyewe isisahaulike. Kanuni za elimu za mwaka 2002 bado zinaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwanafunzi anayesoma Kinjeketile anaelezwa kwamba kiboko cha mnyapara kilikuwa dhuluma, katika chumba ambacho pengine kiboko kingine kimelazwa juu ya kabati, na mwalimu mwenye ujasiri anaweza kuigeuza hali hiyo kuwa somo kwa kuuliza darasa kinachozitofautisha fimbo hizo mbili: je, ni kitabu cha kumbukumbu, ni nia ya anayechapa, au hakuna tofauti yoyote? Majibu ya wanafunzi hayatafanana, na mjadala wao utakuwa wa tamthiliya hasa kuliko kukariri dhamira na wasifu wa wahusika kwa ajili ya mtihani.

Thamani ya utamaduni huu wa tamthiliya, basi, haipimwi kwa wingi wa madikteta walioangushwa jukwaani. Watazamaji walio wengi hawatakuwa watawala, na wachache tu watafungwa kama Mwelusi. Lakini wengi, kwa siku moja au kwa kipindi chote cha ajira, watakabidhiwa orodha, funguo, muhuri au fimbo na kuambiwa watekeleze. Wahusika ambao fasihi yetu imewachora kwa ustadi zaidi, kama Ngoswe, Gege, Kenga na Kingi, wanasimama mahali hapohapo, na mmoja wao anaonyesha kwamba amri inaweza kukataliwa. Kikundi cha Handeni au Korogwe kitakachothubutu kumweka mtu wa namna hiyo mbele ya watu wake wenyewe, bila kumfanya kichekesho wala shetani, kitakuwa kimeyagusa mamlaka mahali yanapoweza kugeuzwa.